Ulimi Uliokwishaonja Ukwaju

Hotuba hii niliitoa Dodoma mwezi Agosti, wakati wa mavuno, mbele ya wakulima wa zabibu, wahudumu wa hoteli na wakazi wengine waliokuja kujifunza kuonja mvinyo. Naiweka hapa nzima kwa ajili ya wenzetu ambao hawakuweza kufika. Nilichoondoa ni matangazo ya chakula na usafiri tu.

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu wakulima mliotoka Hombolo, Mpunguzi, Makang'wa na Chinangali, wahudumu wa hoteli na baa za mjini, pamoja nanyi mliokuja kwa sababu mmesikia kwamba kuna kitu cha kuonja: mbukwenyi!

Nawashukuru kwa kufika. Najua kwamba wengine kati yenu hamtumii kilevi, kwa sababu ya imani au kwa sababu ya afya, nami sikuja hapa kumshawishi mtu yeyote. Kwa ajili yenu kuna juisi ya zabibu, na tena sehemu kubwa ya kazi ya leo itafanywa na pua, na pua hailewi. Hata wale wanaokunywa nitawaomba wateme. Ndiyo, wateme, zile ndoo mnazoziona pembeni ya meza si za kunawia mikono. Mtu anayeonja aina kumi na mbili za mvinyo asubuhi moja na kumeza kila funda, akifika ya tano haonji tena; anakunywa.

Naomba nianze na aibu yangu mwenyewe. Nilipokuwa kijana nilipata kibarua katika kiwanda kimoja cha mvinyo hapa Dodoma, kazi yangu ikiwa kuosha matangi na kubeba makreti. Siku moja alikuja mgeni, mnunuzi, na kwa kuwa wakubwa wote walikuwa wametoka, mimi ndiye niliyemfungulia chupa. Akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kujifunza: "Mvinyo huu una ladha gani?" Nikamjibu bila kusita: "Ni mtamu." Akaonja, akakunja uso, akauliza: "Una sukari?" Nikamwambia hauna. "Sasa utamu wake uko wapi?" Nikasema: "Yaani, ni mzuri." Alikuwa na daftari mkononi na kalamu tayari, akisubiri niendelee. Sikuwa na la kuendelea nalo. Akalifunga daftari.

Nilikuwa nimezaliwa katika nyumba yenye mizabibu uani. Nilikuwa nimekula zabibu kabla sijajua kuhesabu. Je, nilikosa ulimi? Nilikosa pua? Sikukosa chochote kati ya hivyo. Nilichokosa ni tabia ya kutenganisha kitu kimoja na kingine na kukiita kila kimoja kwa jina lake, na majina hayo yote nilikuwa nayo nyumbani, yamekaa jikoni kwa mama yangu. Hilo ndilo nililokuja kuwaambia leo, na nitalirudia mpaka mchoke: ulimi mnao, pua mnayo, maneno mnayo. Kilichobaki ni kuyatoa jikoni na kuyaleta mezani.

Tulitazame kwanza neno lililoniponza, neno "tamu". Asali ni tamu. Muwa ni mtamu. Lakini mchuzi wa kuku ulioungwa vizuri, ambao hauna hata chembe ya sukari, nao tunauita mtamu. Sauti ya mwimbaji ni tamu, hadithi ni tamu, usingizi wa alfajiri ni mtamu. Kiswahili kimelipa neno hili kazi mbili, kutaja sukari na kutaja kinachopendeza, na katika maisha ya kila siku hakuna anayepotea kwa sababu hiyo. Mbele ya mvinyo tunapotea sote. Ndugu zangu wahudumu, ni mara ngapi mmemwinamia mteja na kumwuliza, "Nikuletee mtamu au mchungu?" Nimelisikia swali hilo katika mji huu mara nyingi kupita kiasi. Ni nani, ndugu zangu, aliyetoka kwake, akavaa vizuri, akamchukua mwenza wake, ili aende kulipia kitu kichungu? Mvinyo mkavu unashindwa hapo hapo, kabla kizibuo hakijatoka mfukoni. Na mvinyo wenyewe, mara nyingi, si mchungu hata kidogo.

Kwa hiyo naomba tukubaliane leo. Ule wenye sukari tuuite "wenye sukari", na ule ambao sukari yake imekwisha tuuite "mkavu". Na tuelewe maana ya kukauka huko. Mnaijua togwa. Togwa ya leo ni tamu, mtoto anakunywa. Iache, kesho na kesho kutwa haina utamu ule, imekuwa kitu kingine, na mtoto hapewi tena. Utamu umekwenda wapi? Umeliwa. Vivyo hivyo katika zabibu: hamira hula sukari iliyomo katika maji ya tunda na kuacha kilevi, na hewa ya kaboni hupanda juu kama povu. Kwa makadirio, gramu 17 za sukari katika lita moja huzaa asilimia moja ya kilevi, kwa hiyo maji ya zabibu yenye gramu 220 kwa lita, yakiachwa yachachuke mpaka mwisho, hutoa mvinyo wenye kilevi cha asilimia 13 hivi. Mvinyo mkavu, basi, haukunyimwa sukari. Sukari yake ilikwishafanya kazi.

Baada ya "tamu" kuna neno jingine linalotufichia mambo, nalo ni "kali". Konyagi ni kali, pilipili ni kali, siki ni kali, jua la saa nane ni kali, na mwalimu wa hesabu naye alikuwa mkali. Mkulima mmoja mzee wa Mpunguzi, ambaye amelima zabibu tangu ujana wake na kuziuza kwa kilo bila kuonja kilichotengenezwa nazo, nilimpa glasi ya mvinyo mwekundu mkavu. Akaonja, akasema: "Mkali huu. Umeharibika." Sikubishana naye, mzee habishiwi. Nilimwomba tu anisaidie: "Mzee wangu, ukali huo uko wapi? Uko pembeni mwa ulimi, mate yanakujaa? Au ulimi umekauka kama umeparuzwa? Au kifua kinapata joto?" Akanyamaza, akaonja tena, akafumba macho. Halafu akasema: "Yote matatu, lakini si kwa wakati mmoja." Ndugu zangu, mzee yule aliyasema mengi kuliko niliyoyasema mimi mbele ya mgeni mwenye daftari.

Kwa maana hivyo ni vitu vitatu, wala si kimoja, na kila kimoja kina jina.

Cha kwanza ni uchachu, ule unaojaza mate. Ni nani hapa hakufyonza ukwaju utotoni? Nyosheni mikono. Hakuna mkono hata mmoja, na nilijua. Asidi kuu ya zabibu huitwa asidi ya tartariki, na asidi hiyo hiyo ndiyo iliyojaa katika ukwaju. Hii si tamathali ya usemi, ni kemia. Mtoto aliyekaa chini ya mkwaju akifyonza mbegu na kukunja uso anaijua asidi ya mvinyo kuliko mtoto wa Ulaya aliyekulia kwenye biskuti. Uchachu ndio uti wa mgongo wa mvinyo mweupe. Ukipungua, mvinyo unakuwa dufu, unalala mdomoni kama maji ya jana. Ukionja mvinyo mweupe wa Chenin blanc, zabibu inayolimwa hapa kwetu, usiulize kama ni mtamu. Uliza: mate yanakuja? Yanakuja upesi? Yanakaa?

Cha pili ni ukakasi. Angalieni lugha yetu ilivyo tajiri: kuna lugha ambazo watu wake huchanganya uchungu na ukakasi mpaka wafundishwe darasani, lakini sisi mtoto akila ndizi mbichi anasema ina ukakasi, hasemi ni chungu. Uchungu ni wa shubiri na mwarobaini. Ukakasi ni wa ndizi mbichi, bibo na zambarau ambayo haijaiva vizuri. Uchungu ni ladha. Ukakasi ni mguso. Unatokana na vitu viitwavyo tanini, ambavyo hukaa katika ganda na kokwa la zabibu, na ambavyo hushikamana na protini za mate, ute ukatoweka na ulimi ukabaki mkavu. Mvinyo mwekundu huchachuka pamoja na maganda yake, na kutoka humo hupata rangi na ukakasi; mweupe hukamuliwa kwanza na maganda kutupwa, ndiyo maana ukakasi wake ni kidogo sana.

Na sasa mtaelewa kwa nini mvinyo mwekundu uliomkera mzee wangu saa nne asubuhi akiwa hajala kitu ulimpendeza jioni yake alipokuwa na nyama ya mbuzi mbele yake. Mafuta na protini za nyama hupokea zile tanini kabla hazijafika kwenye mate. Nendeni mnadani Msalato, mkate kipande chenye mafuta, mkitafune, kisha mwonje mvinyo mwekundu mkavu; halafu mfanye hivyo hivyo bila nyama. Somo hilo halihitaji mwalimu. Kwa uaminifu niseme pia kwamba sijapata mvinyo wowote unaoelewana na mlenda. Nimejaribu mara nyingi, na nimeamua kwamba mlenda unajitosheleza.

Cha tatu ni joto la kilevi, lile linaloshuka kifuani. Hilo mnalijua, sitalikalia.

Kuna jambo moja la kufuta kabla hatujaacha ulimi. Wengine wetu tuliwahi kuoneshwa mchoro wa ulimi uliogawanywa kama ramani ya mikoa: utamu mbele, uchungu nyuma, uchachu kando. Mchoro ule si sahihi. Kila sehemu ya ulimi yenye vionjio huweza kuhisi kila ladha, hata kama nguvu yake hutofautiana kidogo. Ulimi, hata hivyo, una uwezo mdogo kuliko tunavyoudhania: hutambua utamu, uchachu, uchungu, chumvi, na ile ladha nzito ya supu ya mifupa. Tano tu. Mengine yote mnayodhani mnayaonja, mnayanusa.

Hamniamini? Kumbukeni mara ya mwisho mlipokuwa na mafua. Chakula kilikuwa na chumvi, kilikuwa na moto, lakini hakikuwa na kitu. Mlisema, "Mdomo hauna ladha." Mdomo haukuwa na tatizo lolote, kilichoziba ni njia iliyo nyuma ya kaakaa, ambayo harufu hupandia kutoka mdomoni kwenda puani wakati mnapotafuna na kumeza. Kwa njia hiyo pua huonja mara mbili, mara moja mbele ya glasi na mara ya pili kutoka ndani.

Na hapa ndipo ninapopenda kukaa, kwa sababu lugha yetu ni fundi wa harufu. Tuna kunuka na tuna kunukia, na herufi moja inatosha kumtukana mtu au kumsifu. Tuna uvundo wa kitu kilichofungiwa kikiwa kibichi, tuna shombo ya samaki, tuna kikwapa, tuna beberu. Ni lugha ngapi zina neno maalumu kwa ajili ya harufu ya mbuzi dume? Watu wenye lugha ya namna hii hawana sababu ya kusimama mbele ya mgeni wakasema "ni mzuri" na kunyamaza.

Katika miaka ya 1980, profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha California, Davis, mama aitwaye Ann Noble, alichora gurudumu la harufu za mvinyo. Katikati aliweka makundi makubwa, kama matunda, maua, viungo na udongo. Kadiri unavyokwenda ukingoni, makundi yanagawanyika mpaka unafika kwenye kitu kimoja unachoweza kukishika mkononi. Hakuweka humo maneno kama "mvinyo mstaarabu" au "mvinyo wenye heshima", kwa sababu hakuna awezaye kunusa heshima. Gurudumu lile limesaidia watu dunia nzima. Lakini ukingoni mwake kuna matunda ambayo wengi wetu hapa hatujawahi kuyaona, achilia mbali kuyanusa. Nimeona vijana wetu wakisoma nyuma ya chupa, kisha wakisema kwa sauti kubwa kwamba wananusa matunda ya porini ya Ulaya ya kaskazini. Kijana wangu wa mtaa wa Kikuyu hapa mjini, umeyanusa wapi?

Mimi nilianza upya na vikombe vya chai. Nilichukua kumi. Katika kimoja niliweka zambarau zilizopondwa, katika kingine ubuyu, kingine furu zilizoiva mpaka zikawa nyeusi, kingine asali ya nyuki wakubwa, kingine pilipili manga, kingine iliki, kingine majani makavu ya chai, kingine karanga za kukaangwa, kingine ngozi ya mkanda wa zamani. Katika cha kumi niliweka udongo mkavu wa shambani na kuunyunyizia maji kidogo, ili upande ule mnukio wa mvua ya kwanza ya Desemba, ambao hakuna Mgogo asiyeujua. Nikavifunika kwa vitambaa na kumwita mama yangu mdogo, ambaye hajawahi kugusa kilevi maisha yake yote, nikamwomba anuse akiwa amefumba macho. Alivitaja tisa bila kusita. Ulimshinda mkanda peke yake. Kisha nikampa glasi mbili za mvinyo mwekundu, anuse tu. Ya kwanza, ya zabibu yetu ya Makutupora, alisema: "Zambarau, na chai iliyokaa." Ya pili, ya zabibu iitwayo Syrah, alinusa mara mbili, akacheka: "Nani amesaga pilipili manga humu?"

Hakuna aliyesaga. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walieleza kwamba kitu kiitwacho rotundoni, ambacho ndicho huipa pilipili manga harufu yake, kimo katika zabibu za Syrah. Mama mdogo hakusoma utafiti huo. Amepika pilau miaka arobaini, inatosha. Na waligundua jambo jingine ambalo hunisaidia kutunza amani mezani: karibu mtu mmoja kati ya watano hawezi kuinusa rotundoni kabisa, hata ikiwa nyingi. Kwa hiyo mwenzako akisema hanusi pilipili, usimcheke. Huenda anasema kweli kwa pua yake.

Fanyeni hivyo nyumbani. Vikombe kumi, vitambaa, na mtu wa kuvibadilisha nafasi. Juma moja la mazoezi hayo litawafundisha zaidi ya chupa kumi zilizofunguliwa bila kufikiri.

Kuhusu macho nitasema machache, kwa sababu macho katika kazi hii ni shahidi mwongo. Yale matone yanayoteremka ndani ya glasi baada ya kuizungusha, ambayo wengine huyaita machozi, huonesha kilevi kinavyotoweka hewani, hayaoneshi ubora. Na rangi hudanganya hata wataalamu. Mwaka 2001, Frédéric Brochet na wenzake walichapisha jaribio walilofanya Bordeaux, Ufaransa, kwa wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo. Walichukua mvinyo mweupe, wakautia rangi nyekundu isiyo na harufu, wakawapa wanafunzi wauelezee. Wanafunzi wakauelezea kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Mvinyo ulikuwa ule ule mweupe waliouelezea kabla kwa maneno ya mvinyo mweupe! Pua zao zilikuwa nzima. Macho yaliwahi kusema.

Kama rangi inaweza kufanya hivyo, je, lebo? Je, bei? Tarehe 24 Mei 1976, mfanyabiashara Mwingereza aliyeishi Paris, Steven Spurrier, aliwaita waonjaji mashuhuri wa Ufaransa, akawapa mvinyo wa kwao na wa California bila kuwaonesha chupa ipi ni ipi. Wakati huo California ilikuwa haihesabiki. Matokeo yalipojumlishwa, wa kwanza katika weupe ulikuwa wa California, na wa kwanza katika wekundu pia ulikuwa wa California. Waamuzi wale hawakuwa wajinga. Walikuwa bora katika nchi yao. Walinyimwa lebo tu, wakabaki na ndimi zao. Sisemi kwamba mvinyo wa Dodoma ungewashinda Wafaransa. Sisemi hivyo, na anayesema hivyo kwenye mikutano aonje kwanza. Ninachosema ni kwamba wengi wetu tunauhukumu mvinyo wetu kwa lebo, wengine kwa kuudharau, wengine kwa uzalendo, na wote wawili hawajaonja.

Wakati mwingine, ndugu zangu, mvinyo unalaumiwa kwa kosa la mahali ulipohifadhiwa. Nilialikwa kwenye harusi moja mjini hapa, na kwa kuwa watu wananijua, chupa ililetwa mezani kwangu nifungue. Ilikuwa ya moto kama chai iliyopoa nusu. Nilipoinusa nilikuta matunda yamepikwa kama jamu, na nyuma yake kuna siki. Wenyeji walilalamika kwamba kiwanda kimewauzia mbovu. Nilipouliza, niliambiwa kwamba katoni zile zilikaa miezi minne kwenye stoo ya bati. Ndugu zangu wahudumu na wenye maduka: chupa iliyosimamishwa dirishani ikiangaliana na jua la Dodoma haisubiri mteja, inakufa. Ilazeni kama ina kizibo cha gome, ili kizibo kisikauke na kupitisha hewa, na iwekeni penye giza na ubaridi. Iliyofunguliwa ikakaa siku kadhaa mezani huchachuka na kuelekea siki, kwa sababu bakteria wa siki hupenda hewa. Na ikinuka boksi lililolowa, kosa ni la kizibo. Mteja anayeirudisha ana haki, wala msimwone mkorofi.

Halafu lipo hili la "mvinyo mwekundu haupozwi, hunywewa kwa joto la chumba". Chumba cha nani? Waliosema hivyo walikuwa na nyumba za mawe huko Ulaya, zenye nyuzi 16 au 18. Chumba chako cha Area C hapa mjini mwezi Oktoba kina nyuzi 30. Mvinyo mwekundu katika joto hilo hutoa kilevi tu puani. Utieni kwenye friji nusu saa kabla ya mlo. Mweupe ukae humo saa mbili au tatu, ila usigande, kwani ubaridi ukizidi harufu hujificha, na pengine hiyo ndiyo sababu baadhi ya watu hupenda mvinyo mbaya ukiwa na barafu.

Sasa nirudi kwenu, wakulima, kwa sababu ladha yote niliyoitaja huanzia kwenu. Wamisionari Wakatoliki kutoka Italia walipopanda mizabibu Bihawana mwishoni mwa miaka ya 1950, wakitafuta divai ya altare, hawakupanda mahali ambapo vitabu vya Ulaya vingependekeza. Vitabu vilisema mzabibu wa mvinyo hukaa kati ya nyuzi 30 na 50 za latitudo. Sisi tuko kwenye nyuzi 6 kusini mwa Ikweta. Kinachotuokoa ni mwinuko wa karibu mita 1,100, mvua chache za msimu mmoja, na udongo wa kichanga usiotuamisha maji. Mzabibu wa Ulaya hulala wakati wa baridi. Wa kwetu haulali, ndiyo maana mnaupogoa mara mbili na kuvuna mara mbili kwa mwaka. Na mavuno hayo mawili hayana ladha moja. Vichala vya Februari na Machi vimekua ndani ya mvua: vimevimba maji, vimepigana na ugonjwa wa ubwiri. Vichala mnavyovuna wiki hizi vimekua katika kiangazi na usiku wa baridi wa Juni na Julai, na usiku wa baridi hulinda uchachu, kwa kuwa joto likizidi mmea huitumia asidi yake. Mnavijua hivi kwa mikono. Je, mmevijua kwa ulimi?

Jirani yetu wa shamba, bibi mmoja ambaye hakupata kusoma, alinifundisha jambo ambalo baadaye nililikuta kwenye mafunzo ya wataalamu. Msimu ule wengi walikuwa wanavuna haraka, kwa hofu ya ndege, ya wezi, na ya gari la mnunuzi kuondoka. Yeye alipita katikati ya mistari, akachuma punje moja hapa na moja pale, akatafuna taratibu. Nyama ya tunda aliimeza. Ganda alilizungusha mdomoni, akisikiliza ukakasi. Kokwa alilipasua kwa meno, akalitema kiganjani, akanionesha: la kijani, chungu. "Bado," akasema. Nilikuwa na kile kifaa cha kupimia sukari, kikasoma nyuzi 18 za Brix. Baada ya wiki mbili alitafuna tena. Kokwa lilikuwa la kahawia, linavunjika kama karanga iliyokaangwa, na kifaa changu kikasoma 22. Alikuwa ameonja jibu kabla sijalipima. Mkulima anayeweza kusema "zabibu zangu zimeiva mpaka kokwa" anaongea na mnunuzi kwa namna nyingine kabisa na yule anayesema "zabibu zangu ni tamu".

Nimeongea vya kutosha na naona macho yenu yako mezani. Mbele ya kila mmoja kuna glasi tatu, kila moja imejazwa theluthi tu, ili harufu ipate mahali pa kukaa. Chupa tatu zimefungwa kwa magazeti, nami mwenyewe sijui ipi ni ipi, kwa sababu nilimwomba kijana wa jikoni azipange. Mojawapo imetoka kilomita chache kutoka hapa. Mojawapo imevuka bahari. Ya tatu ni ya bei ambayo sitaitaja. Ishikeni glasi kwenye shina lake, zungusheni, nuseni kabla ya kuonja, na muandike kwenye karatasi kabla hamjasemezana: uchachu, ukakasi, joto, na vitu viwili mnavyovijua kutoka jikoni kwenu. Mwenye kuandika "mtamu" ataandika tena.

Mzee wangu wa Mpunguzi, uliyekaa pale nyuma, naomba uanze wewe. Glasi ya kwanza. Huo ukali uko wapi?